Niboye: Wakazi Wakabidhiwe Fedha na Uamuzi

Jiji la Kigali linajua kuwaita wakazi wake kazini. Kuwaachia waamue, bado. Hapo ndipo maendeleo ya mitaa ya watu wa kipato kidogo yanapokwama, na gazeti hili halitalizunguka jambo hilo kwa maneno laini. Njia iliyo bora iliwahi kutumika humu humu Rwanda, ikazaa matunda, kisha ikageuzwa kuwa kazi ya makarani.

Tuanzie Niboye, wilayani Kicukiro. Umurenge huu, yaani kata, wenye akagari (vitongoji vyake) za Gatare, Niboye na Nyakabanda, hauwezi kuitwa mahali pa maskini watupu. Ukipita upande wa Sonatubes kuelekea Kicukiro utaona majumba yenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Teremka kidogo na hali inabadilika: nyumba zimesongamana, njia hugeuka mfereji mvua ikinyesha, na chumba kimoja hulaza familia nzima. Afisa mipango akifika huko na fomu yake, huandika yanayokosekana. Hakuna maji ya uhakika, hakuna barabara, hakuna ajira, hakuna vyeti. Hajasema uongo. Lakini ameandika nusu ya habari, na bajeti itakayotungwa juu ya nusu hiyo itakosea mtu, itakosea mahali, na itakosea wakati.

Nusu iliyoachwa ni hii. Katika mteremko huo huo wanaishi waashi na mafundi bomba wanaojenga na kukarabati majumba ya juu. Wapo wahudumu wa afya ya jamii waliochaguliwa na majirani zao wenyewe, wanaojua ni mtoto gani ana homa na ni mjamzito gani hajaenda kituoni. Wapo abazunguzayi, wachuuzi wanaotembeza bidhaa kichwani, wanaojua bei ya nyanya katika kila soko la jiji. Ujuzi huo Kigali huutambua kwa kuutoza faini. Na vipo ibimina, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambako wanawake hukutana kwa ratiba isiyovunjwa, kila mmoja akatoa hisa yake, na kitabu kikafungwa mbele ya macho ya wote. Tukumbuke hii ni nchi gani. Ni nchi ambayo mwaka 1994 jirani alimwinda jirani. Mtu wa Kicukiro anapompa mwenzake akiba ya watoto wake amtunzie, hakuna mhisani aliyewahi kuleta rasilimali yenye thamani kama imani hiyo. Nayo haimo katika fomu.

Wazo la kuanza na kilichopo si geni duniani. John McKnight na John Kretzmann wa Chuo Kikuu cha Northwestern waliliandikia kitabu mwaka 1993, baada ya kuitazama mitaa ya miji ya Marekani iliyozoea kuelezwa kwa orodha ya maovu yake, Chicago ikiwamo. Lakini Rwanda haikuhitaji kufundishwa na Chicago. Zamani, kabla ya mvua, majirani walilimiana mashamba kwa zamu, na aliyekuwa hana nguvu hakuachwa nyuma. Utaratibu huo ndio ubudehe, na serikali iliufufua kwa namna mpya mwaka 2001, ikianzia majaribio Butare.

Walichofanya wakazi wakati ule kinastahili kukumbukwa kwa undani. Walichora ramani ya mahali pao juu ya udongo, kila nyumba na alama yake. Walizipanga kaya katika madaraja sita kwa majina waliyoyafahamu, kuanzia umutindi nyakujya asiye na chochote hadi umukire, tajiri. Kisha mkutano ukajadili tatizo lipi litangulie, wao wenyewe watatoa nini, na fedha kidogo zilizoletwa na mpango zitumike vipi. Fedha zilifika chini kabisa na mkutano ndio ulioziamua. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa uliutunukia ubudehe tuzo yake ya utumishi wa umma, na ulistahili.

Kisha wakubwa wakaona kwamba ramani ile inafaa kwa kazi nyingine. Daraja la kaya likaanza kuamua nani alipiwe mutuelle, bima ya afya ya jamii, na nani agharimiwe masomo ya chuo kikuu. Madaraja yakawa manne mwaka 2015. Mwaka 2020 yakatangazwa mengine kwa herufi, A hadi E. Kuanzia hapo mkutano wa umudugudu, yaani kijiji, ulibadilika. Watu walilalamika wakitaka kushushwa daraja, kwa kuwa kuonekana una kitu kulikuwa hasara. Mpango uliozaliwa ili wakazi waseme wana nini ukawazoesha kuthibitisha wamekosa nini. Hatuwalaumu wakazi hata kidogo. Aliyeweka bei juu ya unyonge ndiye aliyewafanya waushindanie. Mwaka 2023 serikali yenyewe iliachana na madaraja hayo kama kigezo cha huduma na kuingiza rejesta ya kijamii ya kidijitali. Rejesta hiyo inaweza kugawa misaada kwa haki zaidi. Lakini kompyuta haiitishi mkutano, na mwashi wa Gatare hayumo ndani yake kama mwashi. Yumo kama mapato pungufu.

Wakati huo huo uamuzi umekuwa ukipanda mlima. Sheria ya mwaka 2019 iliyoliweka Jiji la Kigali katika muundo mpya iliziondolea wilaya za Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge hadhi ya kisheria, na mamlaka ya bajeti yakakusanyika kwenye Jiji. Baraza la Jiji lina madiwani 11, sita wa kuchaguliwa na watano wa kuteuliwa na Rais. Kwa jiji la watu zaidi ya milioni 1.7, hao ni wachache mno kuujua mfereji wa Nyakabanda. Huwezi kumsifu mkazi kwa nguvu zake mwezi baada ya mwezi huku ukiupeleka mbali naye ufunguo wa kasha.

Tazama mpango wa barabara za mitaani, ambamo Jiji hutoa asilimia 70 ya gharama na wakazi asilimia 30. Ni mpango mzuri, na tunaunga mkono ushirikiano huo. Lakini mchango hudaiwa kwa fedha taslimu, na matokeo yake yanatabirika: mtaa wa wenye mishahara hukamilisha fungu lake upesi, mtaa wa vibarua husubiri. Serikali nayo hukadiria kwa faranga thamani ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii inayofanywa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, na kuitangaza kwa fahari. Ikiwa kazi ya mikono ina thamani kwenye ripoti, basi iwe na thamani pia kwenye mkataba wa barabara. Siku za mwashi, mawe yaliyopasuliwa, mitaro iliyochimbwa na vijana wa isibo (kundi la kaya jirani), yote yapimwe na kuhesabiwa ndani ya ile 30.

Gharama ya kutohesabu tumekwisha kuiona. Wakazi wa Kangondo na Kibiraro, eneo lililojulikana kama Bannyahe, walipinga kwa miaka kuhamishwa kwa kupewa nyumba za Busanza, wakadai fidia ya fedha, wakafika mahakamani. Mwaka 2022 nyumba zao zikabomolewa. Wengi wao waliishi kwa kupangisha vyumba. Wathamini walipima kuta na ardhi, na riziki ya mama mwenye wapangaji ikabaki nje ya hesabu. Linganisha na Mpazi, Nyarugenge, ambako wenye ardhi waliitoa ijengwe ghorofa, wakarudi kukaa pale pale karibu na kazi zao, na mwenye thamani kubwa akapata zaidi ya nyumba moja. Mpazi ina kasoro zake. Hata hivyo ilianza na walichonacho watu, na Bannyahe ilianza na walichokuwa wakizuia.

Tunazijua hoja mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba fedha zikifika umudugudu zitaliwa na wachache wenye sauti. Hatari hiyo ipo. Dawa yake ni kitabu kusomwa hadharani katika inteko y'abaturage, mkutano wa wakazi, kama ibimina visomavyo vitabu vyao. Ya pili ni nzito zaidi: kwamba kusifu nguvu za wanyonge ni hila ya serikali kukwepa mzigo wake. Uingereza ilishuhudia hilo baada ya 2010, serikali ya David Cameron ilipohimiza jamii zijitegemee huku ikikata ruzuku za halmashauri. Kwa hiyo tuseme waziwazi: bomba kuu la maji, mfereji mkuu, zahanati na mwalimu ni deni la serikali, na hakuna ikimina kinachopaswa kulilipa. Mkazi akiombwa nguvu zake, ziongezwe juu ya fungu la serikali. Zikitumika kulipunguza, huo ni unyang'anyi.

Mwaka wa bajeti wa Rwanda huanza Julai 1. Kabla ya siku hiyo Baraza la Jiji litenge fungu kwa kila umudugudu wa Niboye ulio kwenye miteremko isiyopangwa, lipitie SACCO ya umurenge (chama cha akiba na mikopo), na liamuliwe na mkutano wa wakazi baada ya kuchora upya ramani yao: nani anajua kufanya nini, kikundi gani kinaaminiwa na watu, kipi kitangulie. Ofisi ya Kicukiro ipeleke mhandisi wa kushauri, na asipewe kura. Mchango wa kazi ukubaliwe kwa maandishi ndani ya ile asilimia 30. Na matumizi yakishafanyika, hesabu ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya akagari, jina la aliyepokea na kiasi alichopokea, ili mtu yeyote apitaye aisome.