Musembi Asisahau Kuwa Musyoka

Kwa Wakamba, mtoto huweza kuitwa Musembi, jina litokanalo na kitenzi chenye maana ya kukimbia. Mwingine huitwa Musyoka, kutokana na kitenzi chenye maana ya kurejea. Mimi ni mwanaisimu na kazi yangu ni kuyapima maneno. Hata hivyo, sikuwahi kuyaweka majina haya mawili katika mizani moja hadi muhula uliopita, mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Makueni, aliponijia ofisini na kusema: "Mwalimu, nimepata nafasi katika kambi ya mazoezi. Nataka kuacha masomo nikakimbie."

Nilimwuliza iwapo alimjua Benson Masya. Hakumjua. Nilisikitika, maadamu Masya alikuwa mwana wa Kitui, ng'ambo tu ya Mto Athi kutoka kwao.

Masya alizaliwa mwaka wa 1970, na kabla ya kuwa mkimbiaji alikuwa bondia. Mnamo Septemba 1992 alishinda mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya nusu-marathoni, mjini Newcastle, Uingereza, kwa muda wa dakika 60 na sekunde 24. Miezi mitatu baadaye alikuwa Honolulu, katikati ya Bahari ya Pasifiki, akishinda marathoni. Mbio hizo za Honolulu alizishinda mara tatu, miaka ya 1991, 1992 na 1994. Zile za Newcastle, zijulikanazo kama Great North Run, alizishinda mara nne kati ya 1991 na 1996. Mwaka wa 1994 alizimaliza kwa dakika 60 na sekunde 2. Mwezi wa Septemba 2003 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 33.

Huyo alikuwa bingwa. Je, wale wasiokuwa mabingwa? Lugha yetu ina "bingwa", "shujaa" na "nyota" kwa anayeshinda, na "mshinde" kwa anayeshindwa. Hatuna neno lililozoeleka la kumwita yule aliye katikati: mkimbiaji amalizaye wa tano leo na wa tisa mwezi ujao, au yule anayekodiwa kuweka kasi hadi kilomita ya 30, kisha ajiondoe kando huku wengine wakielekea kwenye utepe. Ndio walio wengi. Mtu huyo si bingwa wala si mshinde. Ni fundi, kama seremala azungukaye mji hadi mji na randa yake. Tofauti ni kwamba randa ya mkimbiaji ni miguu yake, na ikivunjika haiuzwi dukani.

Kusafiri kutafuta riziki si jambo geni Ukambani. Katika karne ya 19, Kivoi wa Kitui aliongoza misafara ya biashara hadi pwani. Ndiye aliyempokea mmishonari Krapf mwaka wa 1849, Krapf alipouona Mlima Kenya kutoka Kitui. Mwaka wa 1851 Kivoi aliuawa safarini, karibu na Mto Tana. Mababu zetu walijua kwamba safari ina faida, na walijua pia kwamba msafiri huweza asirudi. Ndiposa nadhani hekima ya kabila moja kuwa na Musembi na Musyoka haikuwa ya bahati nasibu tu.

Basi kosa letu walimu liko wapi? Tunamwona kijana mwenye mbio, tunampigia makofi siku ya michezo, kisha tunamwachilia aende bila kumfundisha hesabu ya kazi yake. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkimbiaji ameshinda dola 10,000 nchini Marekani. Kwa kawaida mgeni hukatwa kodi ya asilimia 30, yaani dola 3,000. Wakala, ambaye aghalabu huchukua asilimia 15, anapata dola 1,500. Zimesalia 5,500, na bado hajalipa nauli, kocha wala chakula cha kambini. Isitoshe, mwili wa binadamu hauwezi marathoni kila mwezi. Wengi hukimbia mbili kwa mwaka. Kijana akisikia dola 10,000, huona shamba na nyumba ya mawe. Akiipiga hesabu hii ubaoni, huona mshahara wa miezi kadhaa.

Lipo pia suala la lugha, ambalo ndilo uwanja wangu. Mkataba wa wakala huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, si kile tunachokisahihisha katika insha. Mwanafunzi aliyepata alama nzuri huweza kutia sahihi asichokielewa. Kwa nini mkataba wa namna hiyo usiwe zoezi la ufahamu darasani, na tafsiri yake ya Kiswahili sanifu ikafanywa na wanafunzi wenyewe? Zoezi hilo halihitaji mtaala mpya wala fedha za serikali. Lahitaji mwalimu mmoja na kipindi kimoja.

Wapo watakaosema kwamba namtia kijana woga, na kwamba katika nchi kame kama yetu anayeona mlango wazi hapaswi kuulizwa maswali. Naielewa hoja hiyo. Simwambii asikimbie. Kukimbia ni kazi halali, na yeyote aliyeona mvua ikikosa Kitui na Makueni misimu miwili mfululizo hawezi kuidharau kazi yoyote. Namwambia ajue ya kwamba kazi hii huisha mapema kuliko nyingine nyingi, na kwamba atakapofikisha miaka 35 atakuwa na maisha mengine marefu ya kuishi.

Mwanafunzi wangu alisikiliza, akaondoka kimya. Baada ya wiki moja alirudi na barua mkononi. Hakuwa anaacha masomo. Alikuwa anaomba ruhusa ya kuyaahirisha kwa mwaka mmoja. Niliitia sahihi kwa furaha. Jina lake limebaki katika orodha yetu.

Wahenga walinena: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walimu wenzangu, tusimzuie Musembi kuondoka. Tumfundishe njia ya kurudi.