Kabla hujamwita msaidizi wako mwizi, kagua kitufe cha "Hifadhi"

Wadau, leo naleta jambo la aibu kidogo, ila najua kuna mtu litamuokoa.

Mimi nauza viatu mtandaoni. Picha naweka Instagram, oda zinaingia WhatsApp, mzigo uko kwenye chumba kimoja hapa nyumbani. Kuna binti ananisaidia kupokea oda, kufunga na kukabidhi kwa bodaboda. Daftari lilitushinda siku tulipouza pea moja kwa wateja wawili, mmoja Dodoma, mwingine Tegeta, na wote walikuwa wameshalipa. Nikasema hapana, sasa nataka programu.

Fundi akanitajia bei, nikaona hiyo hela ni mzigo mzima. Nikaamua kujifunza mwenyewe. Python ni bure, na ukiiweka kwenye Windows kwa kawaida inakuja na Tkinter, kifurushi cha kutengenezea madirisha, vitufe na visanduku vya kujaza. Nikakesha wiki tatu na video, nanakili msimbo bila kuuelewa. Mwisho nikapata dirisha langu: jina la kiatu, namba, bei, na kitufe cha kijani kimeandikwa "Hifadhi". Nilijiona nimefika.

Mwezi ulipoisha nikafunga hesabu. Programu inasema mauzo haya, hela kwenye simu na kwenye mkoba imepungua shilingi 185,000. Nikamwita binti. Akasema, "Dada, hela yote nimekukabidhi." Sikumsikiliza. Niliongea maneno makali, tena mbele ya shangazi yake aliyemleta kwangu. Kichwani nilikuwa na sentensi moja tu: kompyuta haidanganyi.

Binti akaondoka analia.

Siku tatu baadaye nilikuwa natafuta pea ya mteja. Programu inasema imeisha, mimi naiona iko kwenye shelfu. Nikahesabu chumba kizima. Pea 7 zilikuwepo ambazo programu ilidai zimeuzwa: 5 za shilingi 25,000 na 2 za 30,000. Piga hesabu mwenyewe. Ni 185,000 kamili.

Hakuna hela iliyoibiwa. Kulikuwa na mauzo yaliyoandikwa mara mbili, na mwizi alikuwa kitufe changu cha kijani.

Ilikuwaje?

Programu ya dirisha haisomwi juu mpaka chini halafu ikaisha. Inakaa inasubiri, kama muuza duka aliyekaa kaunta. Mteja akibonyeza kitu, anainuka, anakihudumia, anarudi kukaa. Kwenye Tkinter huyo muuzaji anaitwa `mainloop`. Na yuko mmoja tu. Ukimtuma kazi ndefu, kaunta inabaki tupu na dirisha linaganda.

Mimi nilikuwa nimemtuma kazi ndefu. Kila mauzo yakihifadhiwa, programu ilinakili faili zima kwenye flashi ya zamani, nzito kama nini. Dirisha linaganda sekunde kadhaa. Binti anaona kimya, anabonyeza tena. Nani asingebonyeza? Ule mbonyezo wa pili haupotei, unapanga foleni. Muuzaji akirudi kaunta anaukuta, na visanduku bado vina maandishi yale yale, kwa hiyo anaandika mauzo upya.

Nikajaribu kuzima kitufe mwanzoni mwa kazi na kukiwasha mwishoni. Haikusaidia, kwa sababu foleni inasomwa baada ya kazi kuisha, wakati kitufe kimeshawaka. Kilichosaidia ni haya:

1. Kuhifadhi mauzo, kisha kufuta visanduku papo hapo. Mbonyezo wa pili unakuta fomu tupu, na fomu tupu inakataliwa.
2. Kuipa kila oda namba yake, na kuiambia hifadhidata isikubali namba hiyo mara mbili. Natumia SQLite, ambayo ipo tayari ndani ya Python. Ukiweka neno `UNIQUE` kwenye safu ya namba ya oda, inakataa yenyewe.
3. Kunakili kwenye flashi mara moja tu, jioni tukifunga.

Mistari michache sana. Ningekuwa nakielewa kitufe tangu mwanzo, yule mtoto asingelia.

Msimamo wangu

Nasema wazi: mfanyabiashara mdogo anaweza kujifunza kutengeneza programu yake ya kompyuta, na inafaa. Lakini wengi tunaanzia upande usio sahihi. Tunaanza na rangi, nembo na picha ya nyuma. Tunataka dirisha la kupiga picha na kuweka status. Dirisha ni kama shati la mgambo, linakupa mamlaka. Likiwa na kosa ndani, kosa hilo linaongea kwa mamlaka, na anayeumia ni mtu wa chini yako asiyeweza kubishana na kompyuta.

Kwa hiyo jifunze kitufe kimoja mpaka ukijue. Kikibonyezwa nini kinatokea? Kikibonyezwa mara mbili? Bei ikiwa tupu je? Mtu akiandika "25,000" yenye mkato badala ya 25000? Kaa na maswali hayo wiki nzima kabla hujafikiria rangi.

Mitego mingine niliyoingia ili wewe usiingie:

- Ukiandika `command=hifadhi()` yenye mabano, kazi inafanyika dirisha linapofunguka, halafu kitufe chenyewe hakifanyi kitu. Andika `command=hifadhi` bila mabano.
- Kupanga vitu kuna `pack` na kuna `grid`. Chagua moja kwa kila fremu. Ukizichanganya ndani ya fremu moja, unapata kosa.
- Hela iandike kwa namba nzima. Python ukiiambia 0.1 + 0.2 inajibu 0.30000000000000004. Shilingi zetu hazihitaji vurugu hiyo.
- Usikimbilie kugeuza programu iwe faili la kubofya kwa PyInstaller. Itumie mwenyewe kwanza mwezi mzima, sambamba na daftari.

Najua mtaniuliza

"Si kuna programu za simu tele, za nini kujitesa?" Kweli, na kama inakutosha, tumia. Mwenye bidhaa 20 hata daftari linamtosha, asipoteze usingizi wake. Mwenye mia mbili anaweza kwenda mbali na Excel tu. Mimi nilitaka kitu kinachofanya kazi bando likiisha, na faili ambalo ni langu: niweze kulinakili, kulihamisha, kulifungua bila kumuomba mtu. Na nilitaka nijue hesabu inapatikanaje. Hilo la mwisho nimelielewa kwa kuchelewa, na limenigharimu.

"Sikusoma kompyuta." Hata mimi sikusoma. Lakini unajua kitu ambacho fundi hajui: biashara yako. Unajua mteja analipa nusu kwanza, nusu mzigo ukifika. Unajua kiatu kinarudishwa kwa kubana. Fundi asipoambiwa, hatoviweka. Hata ukiamua kumlipa fundi, ukijua kidogo utamuuliza maswali ya maana, na atakuheshimu.

Pa kuanzia wiki hii

Chukua karatasi. Chora dirisha moja lenye visanduku vitatu na kitufe kimoja. Pembeni andika kitufe kifanye nini, na kikatae nini. Ukishindwa kuandika kwa Kiswahili chako cha kawaida, hata kwa Python utashindwa. Ukiweza, umeshamaliza nusu ya kazi.

Halafu weka sheria ambayo haihitaji kompyuta: kila Jumamosi, hesabu shelfu kwa mkono. Programu inajua ulichoiambia tu. Shelfu ndiyo inajua kilichopo.

Binti nilimfuata kwao. Nikaomba radhi mbele ya shangazi yule yule, maana nilichokisema mbele ya watu siwezi kukifuta kwa meseji. Hakurudi siku ile. Alirudi baada ya wiki mbili, na sharti lake lilikuwa moja: kila jioni tuhesabu wote wawili, kabla hajaondoka. Nikakubali. Ni sharti zuri kuliko msimbo wowote niliowahi kuandika.

Wewe je, mahesabu yako yakigoma unaanza kumkagua nani, mtu au mfumo? Niambie hapo chini. Na kama una msaidizi, mtumie andiko hili. Ana haki ya kujua kwamba hata kompyuta inakosea.