Mawe ya ohinga si ya kujengea choo

Saruji ikipanda bei hapa Magunga, watu huanza kuyatazama mawe ya zamani kwa jicho la tamaa, na wakishayatazama hunijia mimi, kwa kuwa kazi yangu ni uashi. Mteja mmoja alinipeleka nyuma ya mahindi yake, akanionyesha ohinga, yaani duara la ukuta wa mawe wa zamani, lililomezwa na kichaka. "Fundi, mawe ndiyo hayo, tena ya bure. Nijengee choo, yatakayobaki tuzungushie zizi." Nilimwambia aagize lori la mawe ya machimbo. Kazi akampa fundi mwingine.

Huyo mteja si mtu mbaya, na neno alilonijibu ndilo linalonifanya niandike: "Ukuta huu si wa babu yangu. Sisi tuliukuta." Nimelisikia kwa wengi, upande huu wa milima ya Gwassi na kule Nyatike pia. Mtu haoni kwa nini atunze mali ya watu asiowajua.

Thimlich Ohinga tunaijua sote, iko ng'ambo ya mpaka wa kaunti, Migori. Mwaka 2018 UNESCO iliitia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Wataalamu wanaamini ilijengwa karne ya 16, na watu wa makundi tofauti, Wabantu na Wanailoti, wakakaa humo kwa kupokezana hadi karne iliyopita. Wageni hupiga picha wakaenda zao. Mimi nikifika pale huchuchumaa nikatazama kazi. Ukuta una nyuso mbili, wa nje na wa ndani, mawe makubwa yameshikana kama vidole, na katikati yamesindiliwa mawe madogo. Hakuna tope, hakuna saruji, hakuna msingi uliochimbwa. Mahali pengine umepanda zaidi ya mita nne, na unene unafika mita tatu. Kinachousimamisha ni uzito wake, mzingo wake na nguzo za mawe zilizouegemea. Mlango ni mfupi makusudi: adui aliyetaka kuingia alilazimika kutanguliza kichwa, na ndani alikuwapo wa kukipokea. Ninyang'anye timazi na saruji uniambie nisimamishe mita nne za mawe matupu, nitakuomba ruhusa nikalime.

Sasa twende mbali kidogo. Kaskazini mwa Uingereza kuna ukuta ulioanza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya Hadrian, mtawala wa Roma, kutoka pwani moja hadi nyingine, kilomita 117 hivi. Ndani yake utakuta mtindo uleule: nyuso mbili za mawe, vifusi katikati. Wajenzi wa Thimlich hawakupata kuusikia. Mawe yana akili yake, na fundi mzuri popote alipo huishia kuitii.

Lakini Waingereza nao waliubomoa. Kwa karne nyingi wakulima walibeba mawe yake kujengea nyumba, zizi na makanisa. Karne ya 18, baada ya uasi wa mwaka 1745, serikali yenyewe ilivunja sehemu ndefu ikapata kifusi cha barabara ya jeshi. Hilo naliomba lisomwe polepole na wakandarasi wa barabara zetu. Aliyeokoa sehemu nzuri zilizobaki ni mwanasheria wa Newcastle, John Clayton, aliyeanza katika miaka ya 1830 kununua shamba baada ya shamba palipopita ukuta, akaendelea mpaka uzeeni. Hakuwahubiria wakulima. Alilipa.

Na ukuta ule ni wa babu wa nani? Jirani yake kuna ngome ya Vindolanda, ambako tangu mwaka 1973 vimefukuliwa vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, vilivyohifadhiwa na udongo mbichi usio na hewa. Kwenye kibao kimoja mtu anatajiwa soksi na chupi alizotumiwa. Mke wa ofisa, Claudia Severa, anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye siku yake ya kuzaliwa, yapata mwaka 100. Askari wa ngome hiyo walikuwa Wabatavi na Watungri, watu wa nchi tunazoziita leo Uholanzi na Ubelgiji. Katika karne ya tatu, kwenye ngome ya Burgh by Sands, kulikuwa na kikosi cha Wamori kutoka Afrika Kaskazini. Waafrika wenzetu, kwenye baridi ile! Mkulima wa kule akikuambia ukuta si wa babu yake, anasema kweli. Bado anautunza, na watalii wanalala kwake na kula kwake.

Mawe yakishang'olewa hayarudi na habari zake. Pale Nyayanga, hapahapa Homa Bay, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 2.6 au zaidi, zikiwa pamoja na mifupa ya viboko waliochunwa nyama. Zingeokotwa moja moja zikawekwa dirishani, nani angejua zilimchuna kiboko? Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya mawe hayo yalibebwa kutoka mbali, hata kilomita 13, kwa kuwa ya karibu yalikuwa laini. Kumbe kukataa jiwe baya ni desturi ya zamani sana huku kwetu.

Thimlich ina ua na walinzi. Kuta ndogo zilizotapakaa Migori na Homa Bay, nyingi ziko kwenye mashamba ya watu, na baba akigawia wanawe ardhi, mpaka unapita katikati ya ohinga. Tuna Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, lakini mwenye shamba hali sheria. Ukimkataza kulima kipande kile bila kumpa kitu, atangoja usiku.

Ninachotaka kwa kaunti zote mbili ni hiki. Waende na wazee wa vijiji, waandike kila ohinga kabla shamba halijagawanywa, kisha wamlipe mwenye ardhi kiasi fulani kila mwaka, na malipo yakome siku ukuta ukiguswa. Palipobomoka waajiriwe mafundi wa hapa, wafundishwe na wale waliowahi kuzikarabati kuta za Thimlich. Katiba imezipa kaunti shughuli za utamaduni na makumbusho, basi wasituambie waulizwe Nairobi. Kikao cha maoni ya bajeti kikifika wodi yetu nitalisema hili mbele ya watu, na yule mteja wangu nitamwomba aje akae mstari wa mbele, ataje mwenyewe kiasi ambacho kingemfanya aache ule ukuta wake.