Msumbiji: Mwangwi wa Baharini na Wajibu wa Mlinzi

Februari 2010 kampuni ya Anadarko ya Marekani ilitangaza kuwa kisima chake kiitwacho Windjammer, mbele ya pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kimekuta gesi asilia. Mwaka 2011 kampuni ya Eni ya Italia nayo ikakuta gesi nyingi katika kitalu cha jirani. Wengi hudhani kuwa habari za gesi hiyo zilianza siku hizo. Sivyo. Zilianza pale meli za uchunguzi zilipopita baharini kusikiliza miamba, nasi twaona yafaa mlinzi wa pwani aelewe meli hizo hufanya nini.

Meli ya namna hiyo huvuta mizinga ya hewa iliyoshindiliwa. Kila baada ya sekunde chache mizinga hufyatua hewa majini, na sauti yake hushuka hadi sakafu ya bahari ikapenya tabaka za miamba. Kila ifikapo mpaka wa tabaka mbili zisizofanana, sehemu ya sauti hurudi juu kama mwangwi. Nyuma ya meli hukokotwa nyaya zenye urefu wa kilomita kadhaa, zilizojaa vinasa-sauti. Kompyuta hupima muda uliotumiwa na kila mwangwi, kisha huchora picha ya miamba iliyo maelfu ya mita chini. Mwamba wa mchanga wenye gesi hupunguza mwendo wa sauti, na mara nyingi mwangwi wake huwa na nguvu kuliko wa jirani zake. Lakini dalili si ushahidi, kwani hata gesi kidogo isiyo na faida yaweza kuleta mwangwi mkubwa. Askari mpelelezi ataelewa jambo hili upesi. Kisima ndicho kitoacho hukumu.

Hapa ndipo penye fundisho la Msumbiji. Mwaka 2013 na 2014, kabla gesi hiyo haijauzwa hata kidogo, makampuni matatu ya umma yalichukua mikopo ya takriban dola milioni 2,000 kwa jina la ulinzi wa pwani na uvuvi wa jodari. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilifichwa hadi mwaka 2016. Ilipofichuka, wafadhili walisitisha misaada, na mzigo ukawaangukia raia. Kwa jina la ulinzi, taifa likadhoofishwa.

Oktoba 2017 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya, mkoani Mtwara, nacho kikavamiwa. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kusimamisha mradi wake wa nchi kavu. Julai mwaka huo majeshi ya Rwanda na ya SADC, wakiwamo askari wa Tanzania, yalianza kuingia Cabo Delgado. Lakini gesi ya mradi wa Coral Sul, unaoelea mbali baharini, ilianza kuuzwa nje Novemba 2022. Gesi iliyo mbali na watu ilisafiri. Ile iliyopaswa kupita katikati ya watu ilikwama.

Hatusemi kuwa gesi peke yake ndiyo iliyoleta vita. Umaskini wa jimbo lile ni wa zamani. Twasema kwamba mwangwi huonyesha miamba, hauonyeshi watu wakaao juu yake.

Nasi tunayo gesi baharini. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na ya kina kirefu tangu mwaka 2010. Ndugu askari, meli ya uchunguzi ipitapo, mvuvi huombwa aondoe nyavu zake, na yamkini atakayemwendea ni mwenye sare. Amweleze kwa heshima sababu na muda wa kazi hiyo, na asikilize malalamiko yake ayafikishe panapohusika. Huo nao ni ulinzi wa taifa.