KUFICHA NJIA SI KUFUNGA MLANGO

Tangu Serikali ya Muungano ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, mwananchi wa Micheweni au Makunduchi anayefuata hati yake huko hana budi kuvuka bahari, kisha kushika safari ya nchi kavu hadi nyanda za kati. Kwa hiyo tunaipongeza kila ofisi inayomwezesha kuipakua hati hiyo kwa mtandao, akiwa kwao. Lakini wepesi huo usitusahaulishe ulinzi.

Maofisa waliokulia katika masjala wanaijua desturi yake. Jalada halikuachwa barazani. Lilikaa ndani, na karani alihakikisha kwanza kuwa mwombaji ana haki ya kulisoma, ndipo akaandika daftarini na kulitoa. Programu ya mtandao haina budi kufanya kazi ya karani huyo. Mafaili yawekwe mahali pasipofikika moja kwa moja kutoka nje. Kila ombi lihakikiwe upya. Kiungo cha kupakulia kiishe muda wake mapema. Na iandikwe nani amechukua nini, na lini.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba anwani isiyotangazwa ni kufuli. Mwaka 2019 ilibainika kuwa kampuni ya First American ya Marekani, inayoshughulikia hatimiliki za nyumba na ardhi, iliacha wazi hati zipatazo milioni 885, nyingine za tangu mwaka 2003. Hapakuwa na haja ya kuvunja mlango. Aliyekuwa na anwani ya hati moja aliweza kubadili tarakimu tu, akaiona ya mwenzake. Hata nywila haitoshi, iwapo mtu akishaingia anaweza kufungua hati isiyo yake.

Sheria hazikosekani. Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye makao yake Dodoma, ipo kwa sheria ya mwaka 2019. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kilichobaki ni utekelezaji. Tunashauri kwamba kabla ya huduma yoyote ya kupakua hati kufunguliwa, mtumishi aingie kwa jina lake mwenyewe, kisha ajaribu kuomba hati ya majaribio iliyowekwa kwa jina la mtu mwingine. Ikitoka, huduma isifunguliwe.

Pasi za kusafiria na vyeti vya mitihani vya wananchi wa visiwani ni mambo ya Muungano. Taarifa zao zimewekwa amana, na amana hukabidhiwa mwenyewe.