Sherehe ya Tiketi Haipunguzi Watu, Inawahamisha Tu

Leo sizungumzii simu mpya wala lugha ya programu. Nataka tuzungumze kuhusu foleni. Foleni ni hesabu, na hesabu ndiyo kazi ya kompyuta, kwa hiyo msiseme nimetoka nje ya mada.

Najua kuna atakayeuliza: wewe unaandika kutoka Hadado, Wajir Magharibi, ambako bembea iliyo karibu ni kamba iliyofungwa kwenye tawi la mti. Bustani za burudani za Marekani zinakuhusu nini? Zinanihusu kwa sababu zile bustani ni maabara ya foleni. Kupandisha bei kulingana na tarehe, kuuza nafasi ya kupita mbele ya wenzako, kufunga mapema ili mahali palepale pauzwe mara ya pili usiku: mambo haya hujaribiwa kule kwa pesa nyingi. Yakifaulu husafiri. Mengine tayari tunayo huku, kama nitakavyoonyesha.

Tuanze na jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi.

Bustani ya Magic Kingdom, iliyo Florida ndani ya Walt Disney World, ilifunguliwa Oktoba 1, 1971. Mwaka 1983 ilianza kuandaa sherehe ya usiku ya Krismasi yenye tiketi yake. Mwaka 1995 ikaongeza ya Halloween, iitwayo Mickey's Not-So-Scary Halloween Party. Mwaka huo wa kwanza ilikuwa usiku mmoja tu. Siku hizi huanza Agosti, huisha mwisho wa Oktoba, na kwa msimu mmoja hufanyika zaidi ya usiku 30. Baada yake huja ya Krismasi, kuanzia Novemba. Yaani karibu theluthi moja ya mwaka ina siku za sherehe zilizotawanywa kati ya siku za kawaida.

Siku ya sherehe huenda hivi. Mwenye tiketi ya kawaida huingia asubuhi kama siku nyingine. Saa kumi alasiri wenye tiketi ya sherehe huanza kuruhusiwa kuingia na kuvishwa utepe mkononi. Saa kumi na mbili jioni bustani hufungwa kwa asiye na utepe. Saa moja usiku sherehe huanza rasmi na kuendelea hadi saa sita. Fataki za usiku ni za sherehe, si zako wewe uliyekuja mchana.

Sasa fikiria wewe ni mgeni wa kawaida na unajua haya yote. Utalipa kuingia siku ambayo utatolewa jioni na fataki huzioni? Wengi hukataa na kuchagua siku nyingine. Matokeo yake, asubuhi na mchana wa siku ya sherehe huwa na nafasi, na siku isiyo na sherehe hufurika. Hata jioni ile watu hawapotei hewani. Wenye tiketi ya kuhama kutoka bustani moja hadi nyingine huondoka na kwenda EPCOT au kwingine. Na zile saa mbili, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, makundi yote mawili yako ndani kwa pamoja.

Mtaalamu wa programu akiona jambo hili hakosi kuandika modeli. Yangu ni ndogo, na namba zake ni za mfano tu, si takwimu za bustani yoyote. Tuseme kwa wiki wanakuja watu 70,000. Kusingekuwa na sherehe, kila siku ingepata 10,000. Sasa weka sherehe siku nne kati ya saba. Tuseme watu 28,000 lazima waone fataki, kwa hiyo wote wanabanana kwenye siku tatu zilizobaki. Wengine 42,000 hawajali fataki na hawajui lolote kuhusu kalenda, wanatawanyika sawasawa, 6,000 kila siku. Piga hesabu. Siku ya sherehe ina watu 6,000 mchana. Siku isiyo ya sherehe ina zaidi ya 15,300. Wiki ni ileile na watu ni walewale, lakini siku moja imebeba zaidi ya mara mbili ya nyingine.

Rudia hesabu, safari hii wale 42,000 wawe wamesoma kalenda. Watakimbilia siku nyepesi mpaka wepesi uishe. Watu 40,000 wataenda siku nne za sherehe, na 2,000 watabaki kwenye zile siku tatu pamoja na wale 28,000 wa fataki. Kila siku inarudi kuwa na watu 10,000. Wepesi wote umeyeyuka.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Sherehe ya tiketi haipunguzi msongamano hata kidogo. Inauhamisha. Na mchana mwepesi anaoufurahia mjuzi unatokana na mtu mwingine ambaye hakujua au hakuweza kuchagua, na ambaye muda huohuo amesimama kwenye foleni ya siku nyingine.

Kule Marekani elimu hii imekuwa biashara. Kuna tovuti ya TouringPlans, ambayo mtaalamu wa kompyuta Len Testa ameifanyia kazi kwa miaka mingi. Hutoa kalenda inayoipa kila siku alama kuanzia 1 hadi 10 kulingana na wingi wa watu. Ni kazi nzuri ya kiufundi na mimi naiheshimu. Lakini utabiri wa foleni haufanani na utabiri wa mvua. Ukitabiri mvua, mawingu hayasomi utabiri wako. Ukitabiri foleni, foleni inasoma na kuhama.

Mfano wa anayefaidika ni binamu yangu anayeishi Minneapolis, ambako Wasomali ni wengi. Alitaka kuwapeleka watoto Florida mwezi wa Oktoba, akaniuliza siku gani inafaa. Nilimwambia aende siku ya sherehe, afike milango inapofunguliwa, aondoke saa kumi. Familia yake haisherehekei Halloween, watoto ni wadogo na hulala mapema. Kinachomfukuza mwingine, yeye hakimgusi. Lakini tazama alivyohitaji kuwa na bahati: likizo anayoweza kuisogeza, intaneti, na jamaa mwenye ugonjwa wa kupenda foleni.

Tuje sasa kwa asiyeweza kuchagua. Huku kwetu mfano wake ni Idd. Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya kitaifa Kenya, lakini tarehe yake huongozwa na mwezi, na kila mwaka husogea nyuma siku 10 au 11 kwenye kalenda ya kawaida. Baba mwenye duka hulifunga siku hiyo. Watoto wamevaa nguo mpya siku hiyo. Huwezi kumwambia mtoto, mwanangu, Idd yako tuiweke Jumanne ijayo kwa sababu kiingilio ni nafuu. Kwa hiyo mwenye bustani anayepandisha bei siku ya Idd hahamishi watu. Wako palepale, wamelipa zaidi tu.

Ndiyo maana nasema tutofautishe bei inayohamisha na bei inayokamua. Kwa macho zinafanana, lakini kazi zake ni mbili tofauti.

Ndugu zetu walioko Dubai wanaijua Global Village, uwanja wa maonyesho na burudani unaofunguliwa kwa msimu, kuanzia Oktoba hadi kipupwe kinapoisha na joto kurudi. Katika msimu ulioanza Oktoba 2024, tiketi ya Jumapili hadi Alhamisi isiyotumika sikukuu ilikuwa dirhamu 25, na ya siku yoyote dirhamu 30. Tofauti ni dirhamu 5. Mwenye nafasi katikati ya wiki anapewa sababu ya kuja wakati huo, na mfanyakazi mwenye siku moja ya mapumziko hajaumizwa sana. Huo ni mfano wa upole.

Hapa Kenya, kaunti ya Narok ilibadilisha kiingilio cha Maasai Mara mwaka 2024. Mgeni kutoka nje ya nchi sasa analipa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Mtaniambia Mara si bustani ya burudani. Ni kweli, lakini foleni ya magari kwenye kivuko cha nyumbu ni foleni, na nyumbu ndio sherehe ya msimu. Mtu aliyevuka bahari ili aone nyumbu wakivuka mto hatakuja Aprili kwa sababu ya dola 100. Atalipa. Bei ile inakusanya pesa, na kaunti ina haki ya kukusanya pesa, lakini tusiiite dawa ya msongamano kabla hatujahesabu magari pale mtoni.

Zanzibar nako kuna Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004 na ambalo hufanyika Februari. Kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, mahali ambapo siku za kawaida ni pa watu wote. Nje ya ukuta iko Forodhani, isiyo na tiketi. Mji Mkongwe wote hujua wiki ya Busara ni ipi, na tamasha limekuwa likianza kwa maandamano ya bure mitaani. Hapo asiye na tiketi naye amepewa sehemu yake ya sherehe. Linganisha na kuambiwa saa kumi na mbili jioni kwamba muda wako umekwisha.

Kama mnadhani watu wa Hadado hatuna la kufundisha, subirini kidogo. Mvua za gu na deyr zikinyesha, silanga hujaa na mifugo hutawanyika. Jilaal ikifika, kila mtu hurudi kwenye kisima kirefu chenye mashine. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na msongamano wa aina hiyo sitaki kuuona tena. Kisimani hakuna anayepata maji kwa sababu amefika tu. Kuna zamu, na zamu hufuata uwezo wa kungoja. Ngamia anaweza kukaa wiki na zaidi bila maji. Ng'ombe siku mbili tatu tu. Basi anayeambiwa asubiri ni ngamia, si ndama. Tena zamu hutangazwa: kila mfugaji anaijua kabla hajatoka malishoni, kwa sababu kutembeza mifugo kilomita nyingi na kukuta si siku yako ni hasara ya uhai.

Kanuni mbili hizo, wadau, ndizo zinazokosekana kwenye bustani nyingi. Ya kwanza: mzigo wa kuhama umwendee anayeweza kuhama. Ya pili: zamu ijulikane kabla ya safari, si mlangoni.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo kwa yeyote anayeendesha bustani, uwanja, ngome au ufuo unaofungwa kwa sherehe ya tiketi, na kwa sisi tunaomwandikia programu za kuuzia tiketi.

Moja, saa ya kufunga iwe sehemu ya tiketi. Mnunuzi aione kwenye ukurasa uleule wenye bei, kabla hajatuma pesa kwa M-Pesa. Katika hifadhidata ni safu moja tu ya ziada. Hakuna kisingizio cha kiufundi.

Mbili, kalenda nzima ya msimu itolewe wazi kama faili la kawaida ambalo kompyuta inaweza kulisoma: tarehe, saa ya kufungua, saa ya kufunga kwa mgeni wa kawaida, sherehe ipo au haipo. Ukiificha, unamuuzia mjuzi wepesi uliouchukua kwa asiyejua. Ile modeli yangu ilionyesha kwamba wote wakijua, mzigo unajisawazisha wenyewe bila kuongeza hata mlinzi mmoja.

Tatu, siku fupi iwe na bei fupi. Ukiuza saa 9 badala ya saa 13, usidai malipo ya 13.

Nne, Idd, Krismasi na sikukuu nyingine ambazo familia hazina njia ya kuzisogeza, visitumike kupandishia bei ya mtoto. Ukitaka kuhamisha watu, wape punguzo wale wanaoweza kuhama, kama shule zinazokuja katikati ya wiki.

Kuna atakayesema soko liachwe lijiendeshe. Sawa, lakini soko linahitaji mnunuzi anayejua anachonunua. Leo mnunuzi huyo ni yule mwenye intaneti na muda wa kusoma kalenda. Mwingine ananunua siku gizani, halafu anasimama juani akidhani ni bahati mbaya. Si bahati mbaya. Ratiba imeandikwa na mtu, na mtu huyo anaweza kuiandika upya.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaweka ile modeli ya foleni ikiwa na maelezo, mbadilishe namba wenyewe mwone watu wanavyohama. Haihitaji kompyuta kubwa. Yangu yenyewe inategemea sola, na jua la Hadado, alhamdulillahi, halina tiketi.