Umeme Unaobaki Baada ya Kuchomoa Plagi



Mwezi huu tunaomba tuache kidogo mambo ya chanjo na lishe, tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho nyumbani ingawa hajakiona. Kimo ndani ya redio, televisheni, feni, chaja ya simu na oveni ya maikrowevu. Mafundi wanakiita kapasita. Sisi wenyewe hatukuwa na haja ya kujifunza habari zake, mpaka siku tulipolazimika.

Ilikuwa Jumamosi jioni, tukijiandaa kwenda mazoezi ya kwaya. Tulisikia kishindo chumbani kwa watoto. Tulipoingia tulimkuta kijana wetu wa miaka 13 ameketi sakafuni, uso umembadilika, ameukumbatia mkono wake wa kulia. Pembeni yake palikuwa na kile kisanduku cha umeme cha kompyuta ya zamani, kimefunguliwa kwa bisibisi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, nilichomoa! Kweli nilichomoa!"

Na kweli alikuwa amechomoa. Waya ulikuwa umelala chini, mbali na soketi. Hata hivyo vidole vyake viwili vilikuwa na alama za kuungua, na kiwiko kilikuwa kimevimba kwa kujigonga kwenye kitanda aliporushwa. Ndugu zetu, hapo ndipo tulipoona aibu. Tangu akiwa mdogo tulimfundisha, "Chomoa kwanza, ndipo ushike." Alitutii. Upungufu ulikuwa katika somo letu.

Jumapili tulimwuliza fundi anayetutengenezea vipaza sauti vya kanisani. Alitazama juu ya paa la nyumba ya jirani akatuonyesha simtanki. "Mama," alisema, "kapasita ni hilo tangi."

Tufikirie pamoja. Maji ya bomba huja kwa kusuasua; saa hizi yana nguvu, baadaye yamepungua. Mwenye tangi hajali. Bomba likiwa na nguvu tangi hujaa, likipungua tangi hutoa, na jikoni maji hutiririka sawasawa. Kapasita hufanya hivyo kwa umeme. Ndani yake mna mabamba mawili membamba ya metali yaliyotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme. Umeme ukija, chaji hujikusanya kwenye mabamba hayo na kukaa hapo ikisubiri njia ya kutokea.

Kwa nini vyombo vyetu vinahitaji tangi hilo? Umeme wa ukutani hauendi upande mmoja. Huenda na kurudi, mizunguko 50 kila sekunde. Redio au kompyuta haiwezi kuutumia hivyo. Inataka umeme unaokwenda upande mmoja bila kuyumba. Basi ndani ya chombo mna vifaa vidogo viitwavyo daiodi, ambavyo huulazimisha umeme kupita upande mmoja tu. Lakini bado unapanda na kushuka, mara 100 kwa sekunde. Hapo kapasita huingia kazini: hujaa umeme unapopanda, hutoa unaposhuka. Ndiyo maana redio ya zamani ambayo kapasita zake zimekauka huanza kuguna "mmmmm" hata kama hakuna stesheni. Tangi limetoboka, na mawimbi yanafika jikoni.

Sasa mama, jiulize. Ukifunga bomba kuu kule nje, je, tangi la juu ya paa limekwisha maji? La, hasha! Limejaa vilevile. Ndivyo ilivyompata kijana wetu. Volti 230 za ukutani ni kipimo cha nguvu ya kazi tu. Kilele chake hufika volti 325 hivi. Kapasita kubwa ya kisanduku cha kompyuta hujazwa mpaka kilele hicho, hivyo huweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya kuchomolewa. Watengenezaji wengi huweka kifaa cha kuumaliza umeme huo taratibu, lakini kikiharibika, umeme hubaki bila mtu kujua. Oveni ya maikrowevu ni hatari kuliko hiyo, kwa kuwa kapasita yake hushika volti elfu mbili na zaidi. Televisheni za chogo nazo, kioo chake chenyewe hutunza chaji ya maelfu ya volti.

Sisi tulio wauguzi tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wengine. Ile mashine ya kushtua moyo uliopoteza mapigo yake hutumia kapasita. Huchota umeme kidogo kidogo kutoka kwenye betri kwa sekunde kadhaa, kisha huumwaga wote kifuani mwa mgonjwa kwa milisekunde chache tu. Tangi likifunguliwa kwa mpango, linaokoa uhai. Likifunguliwa na mtoto mwenye bisibisi, linaweza kuutoa.

Basi tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tuwaambie watoto wetu somo zima. Kuchomoa plagi ni lazima, lakini kifuniko cha chombo cha umeme hakifunguliwi na mtoto, hata kama chombo ni kibovu na kimekaa stoo. Atakayependa ufundi tumpeleke kwa fundi ajifunze akisimamiwa. Tusimvunje moyo.

Pili, tusijaribu kumaliza umeme wa kapasita kwa kugusisha bisibisi, kama tunavyoona wengine wakifanya. Cheche zake huunguza macho na mikono. Fundi mwenye ujuzi ana njia yake, na hupima kwanza kabla ya kushika.

Tatu, tuzijue dalili za kapasita iliyochoka. Feni inayonguruma lakini haizunguki mpaka uisukume kwa mkono, mara nyingi kapasita yake imekufa. Usiizoee hali hiyo. Zima, kwa sababu mota inayong'ang'ania bila kuzunguka hupata moto na kuweza kuungua. Vilevile joto huzikausha kapasita upesi, hivyo televisheni na redio visifunikwe vitambaa vikiwa vinawaka, hata kama kitambaa chenyewe tumekifuma kwa mikono yetu.

Mtoto akipigwa na umeme, usimshike kabla ya kukata umeme kwenye swichi kuu. Ukishindwa kuifikia, msukume mbali kwa ubao mkavu, nawe umesimama juu ya kitu kikavu. Asipopumua, itisha msaada na umbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa, mpe pumzi mbili baada ya kila mibonyezo 30. Akiwa anapumua na yuko mbali na umeme, mwagia jeraha maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Kisha mpeleke kituo cha afya hata kama jeraha ni dogo, maana umeme huweza kuunguza ndani zaidi ya tunavyoona kwenye ngozi, na mapigo ya moyo yanahitaji kuchunguzwa. Mama mjamzito aliyepigwa na umeme asingoje kesho.

Kijana wetu alipimwa moyo, akalazwa usiku mmoja kwa uangalizi, akarudi nyumbani salama. Alama mbili za vidoleni anazo mpaka leo. Juzi tulimsikia akimkataza mdogo wake asifungue redio ya babu. Mdogo mtu akamjibu, "Lakini nimechomoa." Kaka yake akamwonyesha simtanki la jirani.

Tuonane mwezi ujao.